Zinki si Bati: Maelezo ya Istilahi za Lishe ya Mimea

Katika kijitabu kimoja cha kilimo cha mahindi kilichopata kupita mikononi mwetu, mkulima alishauriwa kutia shambani mwake "mbolea ya bati" pindi aonapo majani machanga yamepauka. Aliyeyafasiri maandishi hayo hakukusudia kumpotosha mtu. Alikutana na jina la elementi asiyoizoea, akatafuta neno la Kiswahili lililo karibu, akaliandika. Lakini mkulima asomaye maneno hayo atakwenda nayo wapi? Dukani hakuna kitu kiitwacho mbolea ya bati, na nyumbani bati alijualo ni lile lililo juu ya paa lake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza zinki ni kitu gani, inafanya kazi gani katika mmea, na ni maneno gani ya Kiswahili yafaayo kuieleza. Mambo haya hatuyatenganishi, kwa kuwa mfasiri asiyejua kazi ya kitu hawezi kulichagua jina lake kwa hakika, atabahatisha tu.

Tuanze na hilo bati. Ni neno la siku nyingi na halina kosa lolote. Katika kemia limepewa kazi ya kutaja metali laini yenye rangi ya fedha ambayo alama yake ni Sn. Katika maisha ya kila siku, bati ni karatasi ya chuma ya kuezekea nyumba. Ajabu ni kwamba karatasi hiyo ya kuezekea haina hilo bati la kemia hata chembe: ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishikwe na kutu. Kwa hiyo kosa la mfasiri wetu lina njia yake inayoeleweka. Zinki iko juu ya bati. Basi, akadhani, zinki ndiyo bati. Shaba nayo ina kisa kama hicho. Neno hili moja hutumika kwa metali nyekundu na kwa ile ya manjano, hali hiyo ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Vichwa vya shaba vilivyopamba milango ya Unguja vina zinki ndani yake. Metali hii, basi, imekaa nasi muda mrefu, ila ilikaa ndani ya majina ya wengine.

Jina lake lenyewe, zinki, limeingia katika lugha kwa njia iliyonyooka. Limepata irabu ya mwisho kama benki na tanki yalivyopata, na halina haja ya kufanyiwa zaidi. Tunasema zinki imepungua, zinki imeongezeka. Ngeli yake haina utata. Tena liko jambo linaloupa uchaguzi huu nguvu kuliko hoja ya kisarufi. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza kwamba mtoto anayeharisha apewe zinki pamoja na maji ya chumvi na sukari: miligramu 20 kwa siku, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa muda wa siku 10 hadi 14. Mama aliyekwenda zahanati na kurudi na vidonge vya zinki amekwisha lijua neno hili. Haifai asome zinki katika karatasi ya zahanati, kisha katika karatasi ya kilimo akute bati, ilhali kitu ni kimoja, na zinki iliyomo katika unga wa mtoto wake ilitoka kwenye udongo wa shamba lile lile.

Sasa, zinki inafanya nini katika mmea? Kwanza tuseme kiasi chake. Ukichukua kilo 1 ya majani makavu ya mahindi yenye afya, utakuta naitrojeni yapata gramu 30. Lakini zinki utaikuta kwa miligramu 20 hivi au zaidi kidogo. Yaani naitrojeni huizidi zinki mara 1,500. Uchache huo ndio uliowafanya wataalamu wachelewe kuitambua. Mwaka 1869 Mfaransa Jules Raulin alionyesha kwamba aina moja ya kuvu haikui vema bila zinki. Hata hivyo ilipasa kungoja hadi mwaka 1926 ndipo Anna Sommer na C. B. Lipman wa California walipothibitisha, kwa shayiri na alizeti, kwamba mimea mikubwa nayo haiwezi kuishi bila elementi hii. Ugumu ulikuwa katika kuiondoa. Zinki kidogo ilijificha katika maji, katika vyombo, na katika chumvi zilizotumika kulishia mimea, na kidogo hicho kilitosha kumdanganya mtafiti.

Kazi ya zinki iko zaidi katika vimeng'enya, yaani zile protini ziharakishazo mabadiliko ya kikemia ndani ya chembe hai. Baadhi ya vimeng'enya havifanyi kazi mpaka vishikwe na zinki, mfano wa kufuli lisilofunguka bila ufunguo wake. Kimojawapo hushughulika na kabonidioksidi katika majani. Vingine husaidia kusoma maagizo ya urithi na kutengeneza protini mpya. Zinki yahitajika pia ili mmea upate homoni iitwayo oksini, ambayo ndiyo irefushayo shina. Hapo ndipo ilipo sababu ya ile dalili mashuhuri kuliko zote: mmea wenye upungufu wa zinki huwa mfupi. Mafundo ya shina hukaribiana, pingili huwa fupi, na majani madogo hujikusanya kileleni kana kwamba yamefungwa pamoja. Isitoshe, utando wa chembe hai hulegea zinki ikipungua, mizizi ikaanza kuvuja sukari na vitu vingine ambavyo kuvu wa udongoni huvifurahia. Kwa hiyo anayeandika juu ya afya ya mazao asiichukulie zinki kuwa ni jambo la ukubwa wa mavuno tu.

Katika mahindi, dalili huanza kwenye majani machanga. Mabaka marefu mapana, meupe au ya manjano hafifu, hutokea pande zote mbili za uti wa jani, yakianzia karibu na shina. Hapa tunawasihi wafasiri wachague maneno kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mkulima atalitazama jani akiwa na maneno yetu kichwani. Mahindi yenye njaa ya naitrojeni hugeuka manjano kwenye majani ya chini, yaliyozeeka, tena manjano huanzia nchani na kushuka kwa kufuata uti. Mahindi yaliyoshikwa na ugonjwa wa milia, ambao ni wa virusi na husambazwa na wadudu wadogo warukao wafyonzao utomvu, huwa na milia myembamba iliyokatikakatika, iliyotapakaa jani zima. Yakipungukiwa na chuma, milia huwa myembamba lakini huenda bila kukatika kutoka mwanzo wa jani hadi mwisho. Hali zote nne hizo tumeziona zikifasiriwa kwa maneno mamoja: "majani huwa ya manjano." Maneno hayo si ya uongo, lakini hayamsaidii mtu. Kiswahili kina mlia, mchirizi, baka, doa na ukanda. Kina kupauka, kufifia, kunyauka na kukauka. Tunapendekeza mlia utumike kwa alama nyembamba ndefu, baka kwa alama pana, na kupauka kwa jani lipotezalo ukijani wake bila kufa. Kunyauka kuachiwe mmea uliokosa maji.

Hasara ya kutotofautisha ni hii. Mkulima aliyesoma "manjano" hukimbilia mbolea aijuayo. Akitia naitrojeni peke yake, mahindi hayatapona, na fedha imekwenda. Akitia fosfeti nyingi, huenda akayazidisha madhara, maana fosfeti ikizidi katika udongo wenye zinki chache hufanya upungufu uonekane kwa nguvu zaidi. Na akidhani ni virusi, ataing'oa mimea ambayo ingaliweza kupona.

Hapa tumefikia neno ambalo kwa maoni yetu ndilo gumu kuliko yote katika mlolongo huu, nalo ni ugonjwa. Katika bonde la Tarai, chini ya milima ya Himalaya huko India, wakulima wa mpunga waliona majani yakipata madoa ya kahawia iliyoelekea wekundu, mimea ikidumaa kwa mabaka shambani. Hali hiyo iliitwa khaira, neno la Kihindi litajalo rangi ya katu, ile ile iliwayo pamoja na tambuu katika pwani yetu. Maadamu kulikuwa na jina la ugonjwa, kilitafutwa kisababishi cha ugonjwa. Mwaka 1966 Y. L. Nene, mtaalamu wa magonjwa ya mimea huko Pantnagar, alitangaza kwamba chanzo chake si kijidudu: mpunga ulikuwa na njaa ya zinki. Tiba ilikuwa kunyunyizia majani salfeti ya zinki iliyochanganywa na chokaa. Jina khaira halikufutwa, wala halikuwa na haja ya kufutwa, kwa kuwa lilimwambia mkulima nini cha kutazama. Ila maana yake ilibadilika.

Sisi nasi tunalo tatizo hilo hilo. Kwa Kiswahili, penye ugonjwa pana dawa, na dawa kwa mkulima ni kile kitu cha kuua: dawa ya wadudu, dawa ya ukungu. Kijitabu kisemacho "ugonjwa wa ukosefu wa zinki" kimemtuma msomaji kwenye rafu isiyo yake dukani. Afadhali kusema upungufu wa zinki moja kwa moja, na pale ambapo mfasiri anataka neno lenye picha, njaa ya zinki halina ubaya. Wapo wenzetu wanaoliona njaa kuwa si neno la kitaalamu. Hatukubaliani nao: mmea hula, na kilichopungua ni chakula.

Tumesema upungufu, hatukusema ukosefu. Ukosefu ni kutokuwapo kabisa; upungufu ni kutotosha. Tofauti hii yaonekana ndogo hadi mtu aielewe tabia ya zinki udongoni. Mara nyingi zinki imo, tena imo kwa kiasi ambacho kingetosheleza mazao ya miaka mingi, lakini mizizi haiwezi kuichukua. Udongo wenye chokaa nyingi, wenye kuelekea alkali, huishika zinki isiyeyuke. Kipimo cha pH kikipanda kwa namba 1, zinki iliyoyeyuka katika maji ya udongo hupungua mara 100 hivi. Ndivyo ilivyokuwa katika nyanda za kati za Uturuki, ambako katika miaka ya 1990 İsmail Çakmak na wenzake walionyesha kuwa ngano ilidumaa kwa sababu ya zinki isiyofikiwa na mizizi, na mbolea zilizotiwa zinki zikaenea kwa wakulima baada ya hapo. Mashamba ya mpunga yaliyofunikwa na maji nayo hupatwa, hata kama udongo wake si wa chokaa. Udongo wa kichanga ni habari nyingine: huko zinki huwa chache kweli.

Kwa hiyo maabara ya udongo hutoa hesabu mbili zilizo tofauti: zinki yote iliyomo, na ile ambayo mmea waweza kuichukua. Hii ya pili hufasiriwa kwa kawaida "zinki inayopatikana." Tumejaribu kuwaza mkulima, au hata mwalimu wa shule ya msingi, anavyoyasikia maneno hayo. Kitu kinachopatikana ni kitu kilicho dukani. "Zinki inayopatikana katika wilaya hii ni kidogo" ni sentensi inayomfanya mtu alaumu ushirika au wauzaji. Kiswahili kina njia nzuri zaidi katika kauli ya kutendeka. Kutoka fonza au fyonza tunapata fyonzeka, kama lika kutoka la na someka kutoka soma. Zinki inayofyonzeka ni ile iliyo tayari kufyonzwa na mizizi. Zinki iliyomo ni jumla yote. Mtu anaweza kuandika, "Udongo huu una zinki nyingi, ila inayofyonzeka ni haba," na kila msomaji akafahamu bila maelezo ya chini ya ukurasa. Istilahi hii inafaa vilevile kwa fosfeti, kwa chuma na kwa elementi nyingine za udongo.

Kuna suala la jina la kundi zima. Elementi zilizo muhimu kwa mmea zimegawanywa makundi mawili kwa kufuata kiasi kinachohitajika, na zinki imo pamoja na chuma, shaba, manganisi, boroni na nyinginezo zihitajiwazo kwa uchache. Kundi hili huandikwa virutubishi vidogo, na wakati mwingine virutubishi vidogovidogo. Hatulipendi jina hilo. Kivumishi -dogo hakikusudii kiasi tu. Hugusa hadhi pia. Mtu mdogo, jambo dogo, kazi ndogo: yote hayo ni mambo ya kuahirishwa. Afisa anayepanga fedha za pembejeo, akiona orodha ya virutubishi vikubwa na virutubishi vidogo, atajua mara moja kipi cha kukata. Virutubishi haba nalo halifai, kwa kuwa litafahamika kuwa ni vitu visivyopatikana. Tunapendekeza virutubishi vya kiasi kidogo kwa upande mmoja, na virutubishi vya kiasi kikubwa kwa upande wa pili. Ni refu kidogo, lakini lasema lile lililokusudiwa: kidogo ni kiasi, si kirutubishi.

Juu ya kirutubishi na kirutubisho hatutasema mengi. Yote mawili yamo katika matumizi. Kwa kanuni ya unyambuaji, kiishio -i huelekea kwa mtenda na -o kwa chombo au matokeo. Kwa hiyo kirutubishi chafaa kwa elementi yenyewe, na kirutubisho kwa kile kinachotengenezwa na kuuzwa. Muhimu ni mwandishi mmoja asiyachanganye katika kitabu kimoja.

Zinki huweza kufikishwa kwa mmea kwa njia ya udongo au kwa kunyunyizia majani. Njia hii ya pili inajulikana sana kwa wakulima wa chai na kahawa wa Afrika Mashariki, ambao hunyunyizia zinki mashambani mwao. Maandishi mengi huiita mbolea ya majani. Msomaji wa kijijini, na ana haki, hudhani ni majani yaliyooza au yaliyofukiwa. Mbolea ya kunyunyizia majani haina utata huo. Madukani watu wamekwisha jiamulia na huiita busta. Neno hilo halitaji kitu maalumu, kwani laweza kuwa na zinki ndani yake au lisiwe nayo, na mfasiri akilitumia hana budi kutaja kilichomo.

Kisa kimoja cha California chafaa kutajwa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 miti ya matunda huko ilikuwa na maradhi ya majani madogo. Chandler na Hoagland walijaribu chumvi ya chuma, na baadhi ya miti ikapona. Kumbe iliyoponya ni zinki iliyochanganyika na chumvi hiyo kama uchafu. Baadaye walipigilia katika mashina misumari iliyopakwa zinki, na miti ikastawi. Basi tusimcheke sana yule atakayefikiria mabati baada ya kusoma kijitabu tulichokitaja. Ila mhindi hauna shina la kupigilia msumari.

Tumalizie na hesabu, kwa maana hapo ndipo makosa ya maneno yanapogeuka kuwa makosa ya vipimo. Kwanza, zinki na salfeti ya zinki si kitu kimoja. Ushauri usemao "kilo 5 za zinki kwa hekta" unataja elementi. Salfeti ya zinki iuzwayo ikiwa na maji mengi ndani ya chembe zake huwa na zinki asilimia 22 hivi; ile yenye maji machache huwa nayo asilimia 36 hivi. Kwa hiyo kilo 5 hizo ni karibu kilo 23 za chumvi ya kwanza, au kilo 14 za chumvi ya pili. Mfasiri akiandika "kilo 5 za salfeti ya zinki," amempunja mkulima zaidi ya robo tatu ya stahili yake katika hali ya kwanza. Tena wakulima wetu wengi hupima kwa eka, si kwa hekta, na hekta 1 ni karibu eka 2 na nusu. Kilo 23 kwa hekta ni kilo 9 hivi kwa eka.

Pili, vipimo vya kunyunyizia huandikwa kwa asilimia, kwa mfano 0.5. Nukta hupotea chapani kwa urahisi, na dawa yenye asilimia 5 huyaunguza majani. Maneno "nusu ya asilimia" nayo tumeyaona yakisomwa "asilimia hamsini." Iliyo salama ni kuandika gramu kwa bomba: kwa bomba la lita 20, gramu 100 za salfeti ya zinki na gramu 50 za chokaa iliyozimuliwa, kwa bomba la lita 15, gramu 75 za salfeti na gramu 37 au 38 za chokaa. Asilimia iachwe ndani ya mabano, kwa ajili ya bwana shamba.